Maji Yanachemka, Nyumba Imepoa

Baba,

Leo sikuanza na salamu. Nina kesi na wewe, na kesi haingoji.

Nipo kwenye gari, maegesho ya nyuma ya hoteli, hapa Euless. Zimebaki dakika hamsini niingie shifti. Ndege zinashuka moja baada ya nyingine na kila moja inatikisa kioo. Naandika nyuma ya fomu za matengenezo kwa sababu ndizo karatasi nilizo nazo, na kwa sababu wewe hukuwahi kuamini kitu kilichoandikwa kwenye simu.

Kesi yangu ni hii. Uliondoka mwezi wa tisa, jua la Texas likiwa bado linaunguza lami, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba nyumba yako ya Garland itafikiwa na baridi. Mtu aliyetulazimisha kuandika jina la kila fyuzi kwenye plasta aliondoka bila kutuambia chochote kuhusu boila inayoipasha joto. Ulijua mambo peke yako, Baba, na ulipenda kuyajua peke yako. Nimekaa na hasira hiyo majira yote ya baridi. Leo naiweka hapa.

Unaikumbuka siku uliyotuonyesha nyumba? Tulikuwa tumekaa kwenye fleti za Vickery Meadow miaka sita tukisikiliza televisheni za majirani kupitia ukutani. Mama alitaka nyumba mpya yenye zulia. Wewe ukatupeleka kwenye nyumba ya matofali iliyozeeka kuliko wewe, yenye rejeta kila chumba, vile vyuma vya kupashia nyumba kwa maji ya moto, nzito, zimepakwa rangi ya fedha. Watu wa hapa wengi hawajawahi kuziona majumbani kwao. Kwao joto linapulizwa kutoka darini. Uliipiga ile ya sebuleni kofi la mgongoni kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, ukasema, "Hii ndiyo nyumba." Baadaye uliitoa boila kuukuu ukatundika mpya kwenye kile chumba kidogo kilicho nyuma ya jikoni. Kisanduku cheupe, moto mmoja, kazi mbili: kuchemsha maji ya bombani, na kusukuma maji ya moto kwenye rejeta. Wageni wote ilibidi wapelekwe kukiona. "Wazee walisema maji ya moto hayaunguzi nyumba," ulikuwa unawaambia. "Hawakusema kwamba hayaipashi."

Basi. Katikati ya Desemba upepo wa kaskazini ukashuka. Mama hakunipigia simu. Nilikwenda Jumanne, siku yangu ya mapumziko, nimebeba viazi vitamu, nikafungua mlango, na ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Nataka unielewe. Haikuwa baridi ya nyumba iliyosahaulika. Ilikuwa imetulia, imekaa kwenye viti kama imekaribishwa. Mama alikuwa sebuleni, amevaa koti lako la kazi la kijani, lile lenye mfuko uliochanika, blanketi magotini, mikono imekunjwa, anaitazama rejeta. Pumzi yake ilikuwa inaonekana. Nikamuuliza joto limekatika lini. Akasema, "Halijakatika."

Nikaenda jikoni nikafungua bomba. Maji yakaniunguza vidole.

Hilo ndilo lililonitia wazimu. Kama boila ingekuwa imekufa kabisa, ningeelewa. Lakini maji ya kuogea yanachemka kiasi cha kusongea ugali, na rejeta zote saba ni mawe. Nikafanya ulivyonifundisha: "Usianze na bisibisi, anza na kiganja." Nikagusa bomba linalotoka kwenye boila kwenda kwenye rejeta. Lilikuwa la moto kwa urefu wa shubiri moja, kisha, pale linapoingia nyuma ya ule mfuniko wa mbao uliouchonga kuficha mabomba, likawa baridi. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Hapo hapo. Lakini unanijua mimi na haraka zangu. Nikakimbilia kile kisanduku cha ukutani cha kupangia joto, nikabadilisha betri, nikapandisha namba. Boila ikawaka, ikanguruma dakika mbili, ikazima yenyewe. Nikarudia. Ikawaka, ikazima. Mshale wa presha ulikuwa mahali pake. Nikarudia mara nne, kila mara nikiamini kwamba mara hii imenielewa.

Mama alinifuata akasimama mlangoni mwa kile chumba muda wote. Nilipogeuka kumwomba tochi nilikuta ananitazama mikono, si uso. Nikadhani anakukumbuka wewe.

Jumanne iliyofuata nilikuja kutoa hewa. Hewa ikinaswa ndani ya rejeta maji ya moto hayapiti, hilo ulinifundisha nikiwa bado nafanya usafi wa vyumba na hata spana siijui. Nilianza na rejeta ya chumbani kwenu. Nikapiga magoti, nikafungua ile skrubu ndogo ya juu robo mzunguko, na hewa ikaanza kutoka. Baba, ilitoka kwa muda mrefu. Ilitoka polepole, bila kukatika, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kuketi. Ilinigusa shavu, ya baridi, na ilikuwa na harufu ya chuma na ya kitu kingine ambacho sikukitegemea. Ilikuwa harufu ya shingo yako ukitoka kazini. Nilijisemea ni kutu. Mfumo ule uliujaza maji wewe mwenyewe, ukaufunga wewe mwenyewe, kwa hiyo hewa iliyokuwa humo iliingia siku uliyokuwa chumbani humo unapumua. Nilikuwa sijawahi kufikiria hivyo kuhusu rejeta. Sikutaka kufikiria, lakini magoti yangu yalikuwa yameshafikiria.

Mama akaingia mbio. Sijamwona akikimbia tangu tutoke kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Funga," akasema. "Funga, Jene, unamtoa."

Nikafunga. Mimi, mtu mzima, fundi anayeaminiwa na hoteli nzima, nikafunga na nikaomba samahani. Sijui nilimwomba nani.

Kuanzia siku hiyo alianza kukohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa cha chini, cha kifuani, kile anachokiziba kwa kanga ili usikisikie. Nilimpeleka kliniki, na muuguzi akaniambia kwa upole wa kutisha kwamba mama wa umri ule hawezi kulala kwenye baridi ile. Kifua kikishashikwa, hakiachii kirahisi. Nikanunua hita ya umeme. Nilipokuja tena niliikuta imechomolewa, waya umezungushwa vizuri, imesukumwa chini ya meza. Nikamwambia aje kwangu Euless. Akasema kwangu hakuna pa kuweka viatu vyako. Nilikuwa nimeshasahau kwamba viatu vyako bado viko mlangoni.

Nikampigia Shangazi Dafroza. Unamjua dada yako, akiwa Houston anasikika mpaka Garland bila simu. Akasema nyumba ikikataa mtu, mtu hasubiri kufukuzwa. Joto lisipopatikana kabla ya Jumamosi ya pili ya Januari, anakuja na gari kumchukua wifi yake, na nyumba iuzwe. Nilimweka kwenye spika ili Mama asikie. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mkinitoa hapa, njooni na sanduku la kunizikia." Kisha akaenda kumenya vitunguu. Nami nikabaki katikati na zile siku zangu chache. Nikimwacha, kifua kitamuua. Nikimtoa, najua ataishi Houston wiki ngapi? Mti wa zamani ukiuhamisha, haushiki tena.

Jumanne ya tatu nilikuja na vyombo vyote. Nilifungua kichwa cha ile vali inayogawa njia, inayoamua maji ya moto yaende bombani au kwenye rejeta. Ilikuwa inacheza vizuri kabisa. Nikaweka kiganja kwenye pampu, nikahisi inatetema, nzima. Nilikuwa nimemaliza yote uliyonifundisha. Nikaketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono mapajani, sina chombo mkononi.

Unakumbuka mlivyokuwa mkiitana, wewe na Mama? Ukiwa kwenye kile chumba na unataka chai, unagonga bomba mara tatu kwa spana. Yeye anajibu mara mbili kwa mwiko kwenye sinki, maana yake amesikia, ngoja. Mimi nilikuwa nawacheka, nawaambia mna simu.

Bomba liligonga mara tatu.

Kutoka jikoni, mwiko ukajibu mara mbili. Kisha nikasikia kabati la vikombe likifunguliwa.

Najua chuma kikipoa kinalia. Nawaambia wageni wa hoteli kila wiki, wanaponipigia wakisema kuna mtu ukutani. Nilijiambia hivyo hivyo. Mama akaja na kikombe chako, kile cha bati. Akasimama. Akanitazama mimi, akatazama mikono yangu mitupu, akatazama bomba. Akaniuliza taratibu ni nani aliyegonga. Nikamwambia ni mimi. Sura yake ilianguka, Baba. Nilidhani nimemtuliza, kumbe nimemnyang'anya. Nisamehe uongo ule, na kama haukuwa uongo wangu wa kusema, nisamehe zaidi.

Nadhani ni woga ulionifanya ning'oe ule mfuniko wa mbao. Sikutaka kukaa pale bila kufanya kitu. Nyuma yake kulikuwa na vali moja ndogo ya shaba kwenye bomba la rejeta, umeing'oa mkono wake ili mtu asiigeuze ovyo, limebaki lile shina la kushikia spana, nalo limekaa kukingama bomba. Imefungwa. Pembeni, spana yako ndogo kwenye msumari. Juu yake kipande cha plasta, na mwandiko wako wa kulala: *Aprili, funga. Baridi, fungua.*

Kumbe uliacha neno. Naiondoa nusu ya kesi yangu hapo.

Nilielewa yote kwa mpigo. Kila Aprili ulikuwa unaifunga ili rejeta zisipate moto wakati wa joto, na kila baridi ikianza unaifungua, peke yako, bila kumtangazia mtu. Aprili uliifunga. Baridi haikukukuta. Mkono wa mwisho kuigusa vali ile ulikuwa wako, na miezi yote ile ilikuwa imekaa vile vile ulivyoiacha. Nililia pale pale, paji la uso kwenye mbao. Kisha nikachukua spana nikageuza. Maji yakapita, nikayasikia yakienda. Ndani ya nusu saa rejeta za sebuleni zilikuwa hazishikiki. Nikamkimbilia Mama chumbani nikicheka na kulia. Alikuwa amekaa kitandani amegeukia ukuta. Akasema, "Asante, mwanangu." Nikadhani ni furaha. Nikampigia Shangazi nikamwambia aache gari lake Houston.

Jumanne iliyofuata nilifungua mlango, na baridi ilikuwa imerudi kwenye viti vyake.

Vali ilikuwa imefungwa. Spana kwenye msumari. Nikamuuliza Mama kama kuna mtu ameingia. Hakuna. Kama ameigusa yeye. "Mimi nijue nini mambo ya mafundi," akasema, na akaendelea na rozari yake. Nikafungua. Kesho yake nikapitia asubuhi kabla ya kazi, maili zote zile kutoka Euless, nikakuta imefungwa tena. Sasa nakwambia ukweli: niliogopa nyumba yako. Niliogopa wewe. Nilikaa garini nikakusalia kama mtu anayesalia mgeni mbaya aondoke, mimi uliyenibeba mgongoni kuvuka mpaka. Nilimpigia Shangazi tena, na yeye, badala ya kunituliza, akasema kaka yake hakuwahi kuacha kitu wazi maishani. Akasema Jumamosi anakuja, na mara hii haulizi.

Ijumaa nilifungua vali mara ya tatu. Nikavaa koti, nikamuaga Mama kwa sauti, nikawasha gari, nikaendesha hadi kona, nikaliegesha. Nikarudi kwa miguu kupitia uani. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa jikoni. Mlango wa nyuma haukulia. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi.

Ulikuwa umepiga magoti. Nilikuona mgongo. Koti la kijani, kofia yako, bega la kulia limeshuka kama lilivyoshuka tangu ule mzigo wa mahindi uliokuumiza. Ulikuwa unageuza spana kidogo kidogo, na unaguna vile unavyoguna. Sikupiga kelele. Nilisema, "Baba." Nilisema kabisa, kama mtu anayekukuta nyumbani.

Bega likasimama. Halafu likakohoa.

Mama hakugeuka haraka. Alimaliza kuifunga kwanza. Akatundika spana, akakaa chini, kofia yako imemfunika nyusi, na mimi nikakaa chini mbele yake. Alijua siku zote. Kila Aprili alikuwa amekushikia tochi. Alinitazama wiki tatu nikihangaika na pampu na betri na hewa, akanitazama mikono, akiomba nisiifikie ile mbao.

"Yeye ndiye aliyefunga," akasema. "Mmefungua kabati lake, mmefungua simu yake, mmefungua barua zake. Hiki kimoja kilikuwa bado kama alivyokiacha."

Nikamwambia muuguzi alivyosema. Nikamwambia Shangazi anakuja kesho. Nilimkaripia, Baba, sikuficha. Nikamuuliza kama anataka kufa kwa baridi ili tuzike wawili. Akaniacha nimalize.

"Kwetu mlimani, mwenye nyumba akifa, moto wake unazimwa," akasema. "Majivu yanatolewa. Watu wanakaa chini, wanamlia mpaka wachoke. Wakichoka ndipo mtoto mkubwa anawasha mwingine. Wewe ulinipa siku mbili. Jumapili jioni mlikuwa mmeshaosha masufuria."

Ni kweli. Hakuna wa kumsingizia, ni mimi. Tulikuzika Jumamosi, na mimi ndiye niliyeandika kwenye kundi la familia kwamba matanga yaishe Jumapili, kwa sababu Jumatatu watu wana maghala yao na hoteli zao, na wa Houston wana saa nne za barabara. Shangazi aliniambia haraka haraka haina baraka. Nikamjibu, mbele za watu, kwamba Amerika hakuna haraka wala baraka, kuna ratiba. Watu wakacheka. Nilijiona nimesema. Tukala, tukasali, tukakunja mikeka, Mama akabaki amekaa na sahani yake magotini, na mimi nikaichukua ile sahani nikaiosha. Nilimwosha mumewe kutoka mikononi mwake pamoja na sahani. Na moto hakuna aliyeuwaza, maana mwezi wa tisa nani anahitaji moto Texas?

"Kwa hiyo unataka nini, Mama?" Ndilo swali ambalo sikuwahi kumuuliza tangu ufe.

"Nataka niwe na mume mpaka nimalize kumlia."

Nilimkumbatia pale sakafuni, na koti lako lilikuwa katikati yetu, gumu kwa mafuta ya mashine. Kisha nikampigia Shangazi nikamwambia aje, lakini asije na gari la kuhamisha. Aje na watu, na mtama. Akanyamaza. Dada yako akanyamaza, fikiria. Kisha akauliza, "Siku ngapi?" Nikasema zozote Mama atakazotaka.

Alitaka nane. Niliomba ruhusa hotelini nikapewa kwa kununa. Tukashusha magodoro sebuleni, tukalala chini, mimi na Mama na Shangazi, na wanawake wa jumuiya wakija kwa zamu kila mmoja akitoka kazini. Vali tuliiacha imefungwa. Nilimuuliza Mama, kwa hofu ya kifua chake, kuhusu ile hita ya umeme. Akafikiri, akasema moto wa kuazima kwa jirani haukatazwi, mradi usiitwe moto wa nyumba. Basi nikaenda kweli kwa jirani, nikaazima na yake, tukamweka Mama katikati ya mbili. Chakula kilipikwa kwa watu kikaletwa. Na tukakulia, Baba. Tulikulia vibaya, kwa makamasi. Tulikusema pia. Shangazi alieleza jinsi ulivyomwibia baiskeli padri mkiwa watoto ukamrudishia ikiwa na kengele mpya. Mama alicheka mpaka akaomba maji. Siku ya tano alisema jambo ambalo hakuwa amelisema: kwamba ile asubuhi ulilalamika kifua kizito, naye akakuambia pumzika, nakwenda kazini nitarudi. Alisema mara moja tu. Wanawake hawakumwambia si kosa lako, kama ambavyo mimi ningeharakisha kusema. Walikaa kimya naye mpaka likatulia. Nikajifunza.

Nyumba nayo ilikuwa inasikiliza. Sijui niseme vipi tena. Mchana, watu wakinyamaza, ule mdundo wa mabomba ulikuwa unakuja, si mara tatu, mara moja tu, mbali, na hakuna aliyeshtuka. Siku ya saba haukuja.

Jumamosi walijaa. Pombe ya mtama ilikuwa kwenye ndoo nyeupe ya plastiki, mirija imesimama ndani, wazee wakainama wakanywa pamoja. Shangazi akasema maneno ya kumaliza, kwamba aliyekuwa na deni la kumlia amelia. Kisha mimi na Mama tukaenda kwenye kile chumba. Desturi inasema mtoto mkubwa ndiye anayewasha. Nilichukua spana, nikaona mkono wake umenyooka, nikampa. Akaiweka kwenye shina. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, lakini sikusukuma. Alikaa hivyo muda ambao zamani ungenifanya niangalie saa. Halafu akageuza.

Yalipita. Uliijenga vizuri, Baba, hakuna kilichovuja. Tulirudi sebuleni tukasikiliza rejeta zikianza kulia tik, tik, chuma kikipanuka: ya jikoni kwanza, ya sebuleni, ya koridoni, chumba kwa chumba, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba anaangalia kama kila kitu kiko sawa. Watu zaidi ya thelathini, hakuna aliyetikisa kikombe. Ya mwisho ilikuwa ya chumbani kwenu. Ililia mara moja, ikanyamaza.

Mama akaenda huko, nami nyuma yake. Akaiwekea kiganja. Akakiacha pale mpaka nikaogopa ataungua. Kisha akavua koti lako, akalikunja mikono ndani, akaliweka kitandani upande wako, akabaki na gauni tu, bega dogo, mwanamke mdogo kuliko nilivyomjua.

"Sasa ndiyo nimefiwa," akasema.

Wiki tatu zimepita. Hajahamia Houston. Kikohozi kimeshuka, muuguzi ameridhika. Nyumba ina joto hadi anafungua dirisha. Na analia, Baba, kila siku, kwa sababu sasa hakuna kinachomzuia. Kesi yangu na wewe imekwisha. Iliyobaki ni yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwondolea baridi ile, na ndani yake ndimo ulimokuwa umebaki.

Nenda sasa. Nenda bila kuangalia nyuma, hata ukisikia anakuita, maana bado anakuita. Mimi nakuahidi hivi: sitamwambia anyamaze. Kesho ni Jumanne. Nitafika saa mbili asubuhi, na nikimkuta analia, nitavua viatu nikae chini naye mpaka amalize.

Jenerosa wako